Nyumbu na kereng'ende: barua kwa mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Huku Kilwa hatujambo, baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni kweli, alivyokwambia yule mgeni wako huko Serengeti, kwamba kuna kereng'ende anayemshinda nyumbu kwa safari. Ni kweli, mwanangu.

Nyumbu unawajua kuliko mimi: zaidi ya milioni moja, wanafuata mvua na majani mabichi kutoka Ndutu, kusini mwa Serengeti, hadi Masai Mara ya Kenya, kisha wanarudi. Ndama husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, na tangu hapo humwandama mama yake.

Kereng'ende ninayemsema ni yule wa manjano anayetanda juu ya viwanja vyetu upepo wa kaskazi ukianza. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson aliandika kwamba makundi yao hutua Maldivi kuanzia Oktoba, yakitokea India. Visiwa vile karibu havina maji yasiyo na chumvi ya kuzalia, kwa hiyo ni wapita njia. Kwa hoja yake, hupanda upepo ule ule ulioleta majahazi, wakavuka bahari zaidi ya kilomita 2,500 hadi Afrika Mashariki. Mdudu asiyefika hata gramu moja!

Wakifika hutaga kwenye vidimbwi vya mvua. Buu lake hujificha topeni, mdomo wa chini umekunjwa chini ya kichwa. Kiluwiluwi wa mbu akikatiza, mdomo unafyatuka, unamnasa, unarudi naye. Lina wiki chache tu za kukua. Dimbwi likikauka kabla, limekwisha. Likiwahi, hupanda unyasi, huvua ngozi, mabawa yakakauka, akaruka. Upepo wa kusi ukija, kwa hoja hiyo hiyo, ni wazao wao wanaoelekea India. Wale waliovuka kuja wamekwisha kufa.

Ndiyo maana mimi ushindi nampa kereng'ende. Wote wawili watumwa wa mvua, lakini nyumbu ana kundi la kumwongoza na miaka mingi ya kuirudia njia. Huyu hazaliwi na mtu wa kumfuata, na bahari haijawahi kuiona.

Mwezi wa pili, wageni wakijaa Ndutu kutazama ndama, simamisha gari pia kando ya dimbwi la mvua. Ukiona kereng'ende hawa wanagonga maji kwa ncha ya mkia, wanataga hao. Waeleze wametoka wapi. Ila msishuke garini, simba wa huko hulala majanini.

Mama yako