César haiulizi filamu inasema lugha gani

Swali lenu la wiki hii: je, nasi tuanzishe tuzo ya kila mwaka ya filamu za Kiswahili, kama Wafaransa walivyo na César? Tuanzishe, naam. Ila tusiige César, kwa sababu César si tuzo ya lugha.

Sherehe ya kwanza ilifanyika Paris mwaka 1976, na kinachotazamwa zaidi ni filamu ilitayarishwa na nani na Ufaransa imetia mkono kiasi gani. Mwaka 1978 filamu bora ilikuwa Providence ya Alain Resnais, ambayo waigizaji wake wanaongea Kiingereza. Mwaka 2012 ikashinda The Artist, iliyopigwa Los Angeles na karibu yote ni ya kimya!

Lakini mwaka unaonifurahisha zaidi ni 2015. Timbuktu ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania ilizoa César 7, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Humo ndani utasikia Kiarabu, Kitamasheki, Kibambara, na Kifaransa kwa mbali. Usiku huohuo Mommy ya Xavier Dolan, kutoka Québec, jimbo la Kanada ambako Kifaransa watu wamezaliwa nacho, ikapewa tuzo ya filamu bora ya kigeni. Msidhani ni chuki dhidi ya Québec. Mwaka 2004 Les Invasions barbares ya Denys Arcand, wa hukohuko, ilitwaa tuzo ya filamu bora. Arcand alikuwa na watayarishaji wenza wa Ufaransa, Dolan hakuwa nao. Basi.

Siwabezi Wafaransa. Mlango huohuo wa fedha za watayarishaji wa Ufaransa ndio alioingilia Sissako. Wangeuliza lugha, angebaki nje. Na fedha zenyewe wanazo: kila tiketi ya sinema inayouzwa Ufaransa hukatwa asilimia 10.72, zikaenda kusaidia filamu kupitia CNC, taasisi yao ya serikali ya filamu. Sherehe ya César ni ya sekta iliyojengwa juu ya mfuko kama huo, kwa hiyo kuhesabu nani alichangia ni jambo la haki kwao.

Sisi tukihesabu hivyo tutajinyima. Mchukueni Baloji, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo. Filamu yake Augure ilipata tuzo ya sauti mpya kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, katika kitengo cha Un Certain Regard, kisha Ubelgiji ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Kwa kanuni ya fedha hiyo ni ya Wabelgiji, na hakuna wa kubisha. Ila Kiswahili kimo, pamoja na Kifaransa, Kilingala na Kiingereza. Tuzo ya lugha ingeweza kuiita nyumbani bila kumnyang'anya mtu kitu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kiswahili kiasi gani kinatosha? Nimesikia watu wakipendekeza nusu ya mazungumzo, na naona ni ukarani tu: mtu akae na saa mkononi akipima dakika? Mimi ningeuliza kama wahusika wanakitumia Kiswahili kugombana, kutongozana na kuzika, au kama kimewekwa salamu mbili tatu ili picha ionekane ya Afrika. Waamuzi wakiitazama filamu watajua.

Na ni Kiswahili cha nani? Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya fedha. Kiswahili cha Lubumbashi, mtu wa Unguja anaweza kuomba maandishi chini ya picha, na wala si aibu: hata Mommy ilionyeshwa Ufaransa ikiwa na maandishi ya Kifaransa chini. Aibu ni mwamuzi kukata alama kwa sababu mhusika hakusema "sanifu". Kwa hiyo kabla ya kuchagua ukumbi na zulia jekundu, semeni waamuzi watatoka wapi. Nataka kuona mtu wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Mombasa na wa Lubumbashi. Wakiwa wa Dar es Salaam na Nairobi peke yao, andaeni nafasi ya barua yangu ya malalamiko.