Uliza Tujibu: Uzio wa stima wa kulinda kuku

SWALI: Assalaam aleikum. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Mtongwe. Fundi alinifungia nyuzi mbili za stima kuzunguka wavu wa banda, na mashine inalia tik-tik vizuri. Lakini nguchiro wanapita chini ya waya mchana kweupe, na usiku kanu (mnyama mwenye madoa anayefanana na paka) amenibebea mitetea miwili. Kasoro iko wapi? – Mfugaji, Mtongwe

JIBU: Wa aleikum salaam. Mlio wa mashine unakuambia kwamba mashine ni nzima, basi. Hausemi lolote kuhusu nguvu iliyofika kwenye waya, wala kama stima ina njia ya kurudi.

Pigo la stima hutoka kwenye mashine, likafuata waya, likapita mwilini mwa mnyama hadi miguuni, kisha likarudi kupitia ardhini hadi kwenye nondo iliyounganishwa na mashine. Pwani tuna mchanga juu ya matumbawe, nao ukikauka wakati wa kaskazi haupitishi stima vizuri. Mafundi wengi hupigilia kipande cha chuma cha futi moja wakaondoka. Hapo mnyama husikia mtekenyo, akazoea.

Weka nondo tatu za chuma kilichopakwa zinki, kila moja mita 1.5 au zaidi, zikiachana mita 3, zote zikiungwa kwenye tundu la ardhi la mashine (pale pa kuungia waya unaokwenda ardhini). Ukigonga mwamba usiikate nondo: chimba mtaro wa sentimita 50 uilaze, hasa pale maji ya bafu yanapomwagika. Zikae mbali na nondo ya stima ya nyumba, mita 10 angalau. Halafu unga wavu wenyewe wa banda kwenye tundu hilohilo la ardhi. Kanu hupanda wavu. Akiwa ameng'ang'ania wavu huku pua imegusa waya wa juu, mzunguko unakamilika hata mchanga uwe mkavu kama unga.

Kupima kama nondo zinatosha: egemeza vyuma kwenye waya, mbali na mashine, mpaka volti zishuke chini ya 2,000. Kisha pima kati ya nondo ya mwisho na chuma kidogo ulichochomeka mita moja pembeni. Ikizidi volti 300, ongeza nondo. Tumia kipima cha uzio, maana mita ya kawaida ya fundi inaweza kuungua.

Sasa vimo. Manyoya huzuia stima, kwa hiyo lazima waya ukutane na pua. Waya wa kwanza uwe sentimita 10 kutoka chini, wa pili 20, wa tatu 35, yote ikitokeza nje ya wavu kwa sentimita 10 hadi 12. Wa nne ukae sentimita 8 juu ya ukingo wa wavu. Bila shaka waya wako wa chini uko juu mno. Kata pia matawi ya mti wowote yanayoning'inia juu ya banda, la sivyo kanu atashukia ndani na uzio wote utakuwa pambo. Na usizime mchana: nguchiro wengi huwinda jua likiwaka.

SWALI: Je, siwezi kuchukua stima moja kwa moja kwenye soketi, nikaokoa pesa ya mashine? Na nikinunua, vifaa vingapi? – Mama Vifaranga, Kisauni

JIBU: Hapana, Mama. Stima ya soketi haikatiki: mtoto akishika waya, misuli hukaza asiweze kuachia, na anaweza kufa. Mashine halali hupiga pigo moja kila sekunde au zaidi kidogo, na pigo lenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo anayegusa hupata nafasi ya kujitoa. Kwa sababu hiyohiyo usipitishe stima kwenye senyenge, kwani mtu akinasa hapo hawezi kujitoa. Tundika vibao vya onyo upande wa njia.

Kwa eneo la mita 12 kwa 8, mzunguko ni mita 40. Nyuzi nne ni mita 160 za waya, nunua 200. Nguzo kila mita 3 ni 14, na plastiki za kushikia waya ni 56, ongeza 10 za akiba. Mashine ya juli (kipimo cha nishati ya kila pigo) 0.2 hadi 0.5 inatosha. Lengo ni volti 4,000 au zaidi mwisho wa waya, majani yakiwa yamefyekwa.

SWALI: Kunguru wanamaliza vifaranga. Uzio wa stima utasaidia? – Likoni

JIBU: Hautasaidia. Kunguru na mwewe huja kutoka juu, na ndege aliyetua juu ya waya bila kugusa ardhi hapigwi. Funika juu kwa nyavu kuukuu za wavuvi zenye uzi mnene na matundu yasiyozidi sentimita 5. Zile za uzi mwembamba hunasa kuku. Vifaranga wadogo wafunikwe tenga.

SWALI: Usiku uzio wangu unatatarika na kutoa cheche karibu na nguzo. Niko Nyali, karibu na bahari. – Msomaji

JIBU: Hiyo ni chumvi. Hutanda juu ya plastiki, ikipata umande stima huvujia kwenye nguzo. Zima mashine, zioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, na zilizopasuka badilisha. Tumia waya wa alumini. Wa chuma huliwa na kutu upesi hapo. Usisokote shaba na alumini pamoja, kiungo kitaoza; tumia vibanio vya boliti.

SWALI: Stima ikikatika? – Changamwe

JIBU: Nunua mashine ya volti 12. Ikila miliampia 80, betri ya ampia-saa 7 usiyoimaliza zaidi ya nusu itaendesha saa 43 hivi. Sola ya wati 10 huijaza wakati wa jua. Kwa masika, weka ya 20.