Msomaji Anauliza: Kete za Twiga na Ngamia

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Sakina, Arusha. Mteja ameniagiza kete za sataranji za mpingo zenye twiga na ngamia, pamoja na ubao wa miraba 11 kwa 10 ambao una miraba miwili iliyojitokeza ubavuni. Je, mchezo huo upo kweli? Na ninaweza kuchonga askari wote kwa umbo moja kama nilivyozoea?

JIBU: Marahaba, fundi. Mchezo huo upo, nao ni sataranji kubwa aliyoipenda Timur, mtawala wa Samarkand aliyefariki mwaka 1405, kama alivyoeleza Ibn Arabshah wa Damascus katika habari za maisha yake. Itakufurahisha kujua kwamba mwaka 1404 sultani wa Misri alimpelekea Timur twiga aliye hai, na Clavijo, mjumbe wa mfalme wa Castile, alimwona mnyama huyo njiani.

Kuhusu askari, tafadhali usiwachonge kwa umbo moja, maana hapo ndipo penye uhondo wa mchezo wote. Kila upande una kete 28, na 11 kati ya hizo ni askari wa aina 11: yupo askari wa twiga, wa ngamia, wa tembo, wa farasi, na kadhalika, na kila mmoja akifika mwisho wa ubao hugeuka kuwa kete ya bwana wake, si nyingine, isipokuwa askari wa mfalme na yule aitwaye askari wa askari, ambaye hana bwana. Askari wa mfalme hugeuka mwana wa mfalme, na mpinzani hawezi kushinda mpaka amwondoe mmoja wao na kumfunga aliyebaki. Kwa hiyo mchongee kila askari alama ya bwana wake kichwani, kwa mfano shingo ndefu au nundu, iwe ya kina kiasi kwamba msasa hautaifuta na mchezaji ataitambua kwa kidole.

Twiga wenyewe wawe wawili kila upande. Hupiga hatua moja ya mshazari, kisha hunyoosha hatua tatu au zaidi, mradi njia yote iwe wazi.

Ubao usiupake rangi mbili, mistari inatosha. Ile miraba ya ubavuni ni ngome, moja kwa kila mchezaji, mkono wake wa kulia kwenye mstari wa pili, na mfalme aliyezidiwa akiwahi kuingia ngome ya mpinzani wake, mchezo huhesabiwa sare.