Mchanga Ndani ya Tope: Maswali Kuhusu Vimbunga vya Zamani

Toleo lililopita liligusia kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Wasomaji kadhaa wameuliza kama vimbunga vya kabla ya hapo vinaweza kujulikana.

Nasikia wataalamu husoma vimbunga kwenye udongo. Udongo unatunza vipi habari za upepo? (Msomaji, Makunduchi)

Upepo wenyewe hauachi kitu. Alama huachwa na maji. Chukua kinamasi kilicho nyuma ya tuta la mchanga. Miaka nenda miaka rudi hupokea tope laini na majani yaliyooza tu, maana mawimbi ya kawaida hayalivuki tuta. Kikija kimbunga, bahari huvimba, mawimbi huruka tuta na kumwaga mchanga upande wa pili. Mambo yakitulia, tope huendelea kujaa juu yake, na ule mchanga hubaki katikati.

Kam-biu Liu na Miriam Fearn walionyesha njia hii mwaka 1993 katika Ziwa Shelby, Alabama, Marekani. Mwaka 2025 ilichapishwa rekodi kutoka Great Blue Hole, shimo la bahari huko Belize: mita 30 za tope, miaka 5,700, matabaka ya dhoruba zaidi ya 570. Usitarajie hesabu kama hiyo hapa. Tuko kiasi cha digrii 6 tu kusini ya Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauipi hewa msokoto wa kutosha kukilea kimbunga. Vinavyotufikia pwani hii ni vichache: cha Lindi cha Aprili 1952, Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024, na hicho cha 1872.

Klabu yetu ya sayansi skuli inataka kuchimba kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Tuanze na vifaa gani? (Mwalimu, Wilaya ya Kati)

Mwalimu, vifaa baadaye. Chagueni mahali kwanza, kwani kazi nyingi huharibika hapo. Ukingo wa mikoko unaofikiwa na maji kila siku haufai: bamvua hapa Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, nalo huleta mchanga wake bila kimbunga chochote. Ingieni ndani zaidi, nyuma ya tuta, pasipo kijito kinachoshusha udongo wa nchi kavu wala mashimo mengi ya kaa. Kaa ndiye mharibifu mkuu. Hupandisha tope la chini na kuangusha mchanga wa juu, na tabaka la sentimita 1 analitawanya lote lisionekane. Tope la mikoko la Makoba na Unguja Ukuu limeshatumiwa na watafiti kusoma kupanda na kushuka kwa bahari, kwa hiyo kumbukumbu ipo. Swali ni kama sehemu yenu imetulia kiasi hicho.

Angalieni pia upande. Huku kusini ya Ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki na kitovu chake kikapita kaskazini yenu, pwani ya Chwaka itapigwa na upepo unaotoka baharini. Kikipita kusini yenu, upepo utatoka nchi kavu, bahari itasukumwa nje, na kinamasi chenu huenda kisiandike kitu. Ndiyo maana tungependa muwe na mahali pawili, pa kwanza mashariki na pa pili magharibi ya kisiwa.

Mkishapata ruhusa ya sheha na ya wasimamizi wa msitu, sasa njooni kwenye vifaa. Kwa tope la mboji, bora ni kichimbio cha chemba cha Kirusi: hukata nusu duara ya tope yenye urefu wa sentimita 50 bila kulibana. Chimbeni matundu mawili yaliyopishana nusu mita, la pili lianzie kina cha sentimita 25, ili kila kiungo cha tundu moja kionekane mzima katika jingine.

Kama hamna, bomba la PVC la inchi 3 lililonolewa mdomo kwa nje litafanya kazi, ila lina ila yake: hubana tope. Kabla ya kuling'oa, pimeni kutoka mdomo wa juu hadi tope kwa nje, kisha kwa ndani. Nje ikiwa sentimita 40 na ndani 55, mmebana sentimita 15. Msizigawe sawasawa kwenye urefu wote, maana mboji hubanika na mchanga haubaniki. Jazeni maji nafasi iliyobaki, zibeni kabisa, ndipo mvute. Bomba lisipozibwa, tope huchomoka chini nanyi mkabaki na bomba tupu. Andikeni JUU na CHINI papo hapo, kwa wino usiofutika. Hifadhini kwenye friji, nyuzi 4 hivi, na msigandishe, kwani barafu hupasua matabaka.

Mkilipasua, pigeni picha kabla rangi haijabadilika kwa hewa. Kisha kila sentimita toeni sampuli ya sentimita 1 ya ujazo, ikausheni nyuzi 105 usiku mzima, pimeni, ichomeni nyuzi 550 kwa saa 4, pimeni tena. Uzito uliopotea ni mabaki ya mimea. Palipo na mchanga, upotevu hushuka ghafla. Mkiichoma tena nyuzi 950 kwa saa 2, kinachopotea safari hii ni hewa ya ukaa iliyotoka kwenye chokaa. Sampuli nyingine ioshwe juu ya chujio la mikromita 63, linalopitisha tope na kushika mchanga, na kupima kinachobaki.

Wengi husimama hapo na kutangaza kimbunga. Haraka hiyo hatukubaliani nayo. Mchanga wa mashariki ya Unguja karibu wote ni chokaa, basi tone la siki litachemka juu yake. Lakini litachemka pia juu ya gamba la konokono aliyekufa hapo hapo kwenye mikoko. Chukueni lenzi mtafute vipande vya matumbawe, mwani wa chokaa, na foraminifera, vijidudu vya bahari vyenye magamba. Hao wakiwa wa miambani na si wa maji ya mikoko, mchanga umetoka nje. Halafu chimbeni matundu matano kwa mstari kutoka kwenye tuta kuingia ndani. Tabaka la dhoruba kwa kawaida huwa nene karibu na tuta, likapungua unene na ukubwa wa chembe kadiri mnavyoingia. Likionekana katika tundu moja tu, mshukuni kaa au kijito cha zamani.

Pemba tumekuta mchanga kina cha sentimita 30. Tope likikua milimita 2 kwa mwaka, hiyo ni miaka 150. Si ndicho cha 1872? (Msomaji, Micheweni)

Kugawanya umegawanya sawa. Ila hizo milimita 2 umezipata wapi? Kasi ya tope hubadilika hata ndani ya ghuba moja. Na kimbunga kile kiliiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, ndiyo sababu karafuu za Pemba zikaja kuzipita za Unguja. Tabaka la 1872 linalojitokeza visiwa vyote viwili lingetutia shaka kuliko kutufurahisha.

Umri upimwe, na kipindi hiki ni kigumu kupimwa. Risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, hupungua nusu kila miaka 22.3; baada ya miaka 110 imebaki sehemu 1 ya 32, na kufikia 150 kipimo kimefika ukingoni. Sesiamu-137, mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, huonyesha kilele cha 1963, lakini kusini ya Ikweta ilianguka kidogo. Kaboni-14, inayopima umri wa mabaki ya viumbe, nayo hupepesuka kati ya 1650 na 1950, hivyo sampuli moja inaweza kukupa jibu lolote ndani ya karne hizo tatu. Dawa yake ni kupima sampuli tatu au nne, juu na chini ya tabaka, na kuzifunga pamoja kwa mpangilio wa kina. Chagua majani au mbegu. Mizizi ya mkoko huzama kutoka juu na kutoa umri mdogo; magamba ya bahari huongeza miaka mamia, kwa sababu maji ya bahari hubeba kaboni kuukuu. Iambie maabara sampuli imetoka Zanzibar, maana jedwali la kusahihishia umri la Kizio cha Kusini si la Kaskazini, na hewa yetu hutoka kote kuwili, kaskazi na kusi.

Tutajuaje kuwa si tsunami? (Msomaji, Nungwi)

Suala zuri, kwa sababu ng'ambo ya mkondo, Pangani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza tabaka la mchanga la miaka kama 1,000 lenye mifupa ya watu, na watafiti wakaliita la tsunami. Tsunami huingia mbali zaidi kwa mawimbi machache marefu, hung'oa mabonge ya tope na kuyachanganya na mchanga. Dhoruba hupiga kwa saa nyingi, ikaacha mistari myembamba mingi. Hakuna dalili moja inayotosha. Ulizeni tabaka limefika wapi na limeonekana sehemu ngapi za pwani.

Basi vimbunga vinaongezeka Zanzibar? (Msomaji, Chake Chake)

Kinamasi kimoja hakiwezi kujibu hilo. Kimbunga kilichofika wakati maji yamekupwa au siku za maji mafu kinaweza kupita bila kuvuka tuta, na tuta lenyewe huinuka na kuhama. Kwa hiyo idadi ya matabaka ni ya chini kabisa, si ya vimbunga vyote. Kwa Unguja tungeanza kwa kuuliza kama mahali palipochimbwa palikiandika kile cha 1872. Kama hapakukiandika, tope tupu la karne za nyuma yake lisichukuliwe kuwa ushahidi wa utulivu.