Fundi Anajibu: Injini ya Hilux ndani ya Hiace

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hiace ya mwaka 1994, kazi yake ni kubeba mboga kutoka Lushoto hadi Tanga. Injini yake ya dizeli, aina ya 2L, imekufa, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) imekwisha kabisa. Nimenunua 3L iliyotumika, imetolewa kwenye Hilux ya 4x4 ya gia za otomatiki. Tulipoipandisha, sampu (bakuli la oili chini ya injini) iligonga krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya gari) na maunti (vishikizo vya injini) zikakataa kukaa kwenye matundu yake. Fundi wa hapa anataka kuikata krosimemba na kuichomelea upya kwa chini kidogo. Nimkubalie? (Dereva wa mboga, Korogwe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Krosimemba asiiguse hata kwa msasa. Hiyo ndiyo imeshika mikono ya saspensheni ya mbele. Ikikatwa na kuchomelewa chini ya mwembe, siku unashuka kona za Soni na shehena ya kabichi, tairi moja litaamua kwenda njia yake. Injini ndiyo imekuja ugenini, basi yenyewe ivae nguo za mwenyeji.

Na nguo hizo unazo. 2L ya cc 2,446 na 3L ya cc 2,779 ni ukoo mmoja wa injini za Toyota, na vifaa vingi vya nje vinabadilishana. Kabla hujaiuza 2L kwa watu wa chuma chakavu, ivue: sampu, chujio la kufyonzea oili lililomo ndani yake, kijiti cha kupimia oili na mrija wake, mabano ya maunti ya pande zote mbili, feni, manifoldi ya ekzosi (mabomba ya kutolea moshi kwenye injini). Sampu ya Hilux 4x4 imefinyangwa ili kupisha difu ya mbele (kisanduku cha gia kinachozungusha magurudumu ya mbele), na Hiace yako haina difu mbele. Ndiyo sababu imegonga.

Sampu, chujio na kijiti vinahama pamoja, vyote vitatu. Nimeona gari limefungwa sampu ya Hiace na chujio la Hilux. Chujio likabaki juu, na kila kwenye mlima oili ikikimbilia nyuma, taa ya presha inawaka. Mwenye gari akanunua swichi ya taa mpya! Beringi za krenki zikamjibu baadaye.

Kupima ni rahisi. Kanda unga wa ngano kidogo, kama wa chapati lakini mgumu zaidi, ubandike chini ya mdomo wa chujio. Weka sampu na gasketi yake, kaza bolti chache, kisha ifungue. Unene wa donge lililobanwa ndio nafasi uliyonayo. Mimi naitaka iwe kati ya milimita 6 na 10. Ikiwa ndogo kuliko hapo, chujio linabanwa pumzi. Ikiwa kubwa, litaanza kuvuta hewa. Ukimaliza safisha unga wote, maana injini haili chapati.

Tuseme sampu ya 2L imeoza na lazima ile ya Hilux ikatwe. Inawezekana, ila si kwa nyundo. Ifunge kwanza kwa bolti zake zote kwenye bloku (mwili wa injini) chakavu, ndipo uikate na kuichomelea ikiwa imefungwa hivyo. Ukichomelea ikiwa imelala sakafuni, joto litaupinda mdomo wake na hakuna silikoni itakayoziba. Ikipoa, paka chaki nje kwenye mshono wote, mimina mafuta ya taa ndani, iache usiku mzima. Palipo na tundu hata la ncha ya sindano, chaki italowa. Halafu alama za kijiti hazitakuwa za kweli tena: mimina oili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, washa injini, zima, subiri oili ishuke, kisha chora alama mpya kwa msumeno mwembamba.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nami ndilo linanitia wasiwasi. Injini yako imetoka kwenye otomatiki. Nyuma ya krenki utakuta sahani nyembamba badala ya flaiwili (gurudumu zito ambalo klachi hufungwa juu yake), na huenda ile beringi ndogo ya katikati ya krenki, inayopokea ncha ya shafti ya gia boksi, haimo. Bila hiyo beringi gari litatembea, lakini gia zitaingia kwa ugomvi na gia boksi itakufa mapema. Chukua flaiwili ya 2L, hesabu matundu ya bolti, ilinganishe na krenki ya 3L. Tundu lisipolingana usitoboe jipya. Tafuta flaiwili ya 3L ya gia za kawaida. Bolti zake ziwe za flaiwili kweli, si za kuokoteza kwenye kopo.

Pampu ya dizeli na nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) acha zile zilizokuja na 3L. Plagi za kupasha injini zisomwe namba: zipo za volti tofauti, na ukiipa ya volti 6 umeme wa 12 moja kwa moja, itaungua haraka. Na rejeta ipelekwe ikazibuliwe kabla injini haijawashwa. Silinda hedi (vifuniko vya juu) za injini hizi hazisamehi joto.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Matatu yangu tuliibadilisha injini na gia boksi, gia boksi mpya ni ndefu, tukaikata propela shafti (bomba linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi nyuma). Sasa nikifika kasi ya 60 gari lote linatetemeka. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Nzuri, ndugu. Ukiwa kwenye 60, kanyaga klachi na uache injini ishuke mizunguko. Mtetemeko ukibaki, injini haina kosa, ni propela. Angalia yuniva jointi (viungo vinavyopinda) za ncha mbili za kipande kimoja: masikio yake lazima yatazamane kwenye mstari mmoja. Mchomeleaji akizungusha bomba kidogo tu, umeharibikiwa. Yakiwa sawa, ipeleke kwa mwenye mashine ya kubalansi, si kwa mkereza vyuma wa kawaida. Na propela ikiwa imesukumwa mpaka mwisho ndani ya gia boksi, ikate tena: acha sentimita mbili hivi za kucheza, maana springi za nyuma zikibonyea shafti inahitaji pa kwenda.

SWALI: Fundi, injini ikishabadilishwa kadi ya gari inabadilishwa au inaachwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Inabadilishwa. Namba ya injini imo kwenye kadi, na ukubwa wake pia. Tunza risiti ya ununuzi, na kabla injini haijafungwa ndani ya gari piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku, kwa sababu kwenye Hiace ikishakaa chini ya siti utaitafuta kwa tochi na kioo cha kunyolea. Kisha nenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) uombe taarifa zirekebishwe, na uwaambie watu wa bima.