Sifa ziwekeni kando, nishikieni mtoto

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, mzazi anayelea watoto peke yake anaweza kweli kupata nafasi ya kuitumikia jamii? Anaweza. Lakini katika wote ninaowajua wanaofanya hivyo, nami nikiwamo, sijamwona hata mmoja asiyekuwa na mtu wa kumshikia mtoto. Mtu huyo hatajwi kwenye hotuba wala hapewi cheti, na jibu langu nataka limhusu yeye.

Mimi ni fundi cherehani, Likoni, ng'ambo ya feri ukitoka Mombasa kisiwani. Mke wangu alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wetu wa pili. Kifafa cha mimba, ugonjwa unaoletwa na presha kupanda. Wengi hudhani mwanamke akishajifungua basi amepona hatari hiyo, kumbe yaweza kumshika hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kichwa kilikuwa kikimuuma, macho yakaingia ukungu, uso na mikono ikavimba hata pete ikawa haitoki. Kila aliyekuja kumtazama alisema ni uchovu na joto la kaskazi. Nikabaki na msichana wa darasa la pili na kitoto cha kiume, bado chekundu.

Matanga hayajaanuliwa, mashauri yakawa mawili. Kuna waliotaka mtoto apelekwe kwa bibi yake Kwale, na kuna waliotaka nioe upesi, "watoto wapate mama". Aliyeyamaliza mabishano ni jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye naye alikuwa akinyonyesha. Aliingia, akamchukua mwanangu, akaketi mkekani, akampa ziwa. Kwetu jambo hilo halifanywi ovyo. Likishatimia kwa sheria ya dini yetu ya Kiislamu, watoto wale ni ndugu wa ziwa moja, hawaoani maisha yao yote, na aliyenyonyesha ni mama. Ndiyo maana alikuwa amemuuliza mumewe kwanza, naye akaridhia. Leo mwanangu ana mama, dada na kaka nyumba ya pili, na deni hilo silimalizi hata nikiuza cherehani.

Hadithi za watu kama sisi husimuliwa kwamba mzazi alipigana na shida, akaishinda, kisha ndipo akageuka kuwasaidia wengine. Kwangu haikwenda hivyo. Shida ipo, sare za shule za Januari zinanikesha kila mwaka, na huduma ilianza humo humo katikati. Zahanati ya karibu ilikuwa ikitafuta watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba. Mzee wa mtaa akanitaja mimi kwa sababu, alivyosema, fundi anazijua nyumba zote na hana pa kwenda. Alikuwa akitania, ila hakukosea sana. Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka mtaani petu pasiwe na nyumba nyingine ambamo pete imekwama kidoleni na watu wanasema ni joto.

Mwanamume katika kazi hii ana mtihani wake. Unapiga hodi, unajibiwa "Karibu, Fundi", lakini ukianza kuuliza habari za kliniki na siku za mwezi, mlango unarudi taratibu. "Hayo nitayazungumza na mwanamke mwenzangu." Ni haki yake. Siku hizi nabaki barazani, naanza na mama mkwe, kwani ndiye mwenye nyumba hata kama kodi analipa mwanawe, na maswali yasiyo yangu namwachia mwenzangu wa kike. Kwa watoto hakuna tabu. Kuna kanda ya rangi tatu ya kupimia mkono. Naizungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Ikisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na safari ya hospitali ni ya leo. Kutoka hapo hadi 12.5 ni manjano, mama anapewa ushauri na mtoto anafuatwa kwa karibu. Kupima mikono ya watu ni kazi yangu tangu ujana, ila kwenye cherehani sikuwahi kuiogopa namba.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na nyumba zake 100 hivi. Tukapewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, kipima joto na mizani. Mashine ya presha ndiyo ninayoitunza kuliko cherehani, na sababu mnaijua. Kuna mama mmoja muuza viazi karai, mimba ya miezi minane, nilimpima jioni akiwa kazini. Ikasoma 160 kwa 110, presha ya hatari kwa mjamzito. Nikamkalisha, nikangoja, nikarudia. Haikushuka. Akanambia, "Fundi, wacha nimalize karai hili, unga nishaukoroga."

Ningeweza kumhubiria pale mpaka isha. Unga ule na viazi vile ndivyo mtaji wake wa kesho, ana watoto wawili nyumbani, na mwanamume aliyempa mimba hakuonekana tena tangu habari zilipomfikia. Kilichomwondoa si maneno yangu. Ni mwanamke wa kibanda cha pili, muuza mahamri, aliyevuta kigoda akakaa mbele ya karai na kusema, "Nenda, shoga. Nitauza mimi, pesa zako utazikuta." Tukaita tuktuk. Alijifungulia hospitali, mama na mtoto wazima. Nami nilipokuwa kwenye benchi la hospitali usiku ule, wangu walikuwa wamekwisha kula na kulala nyumba ya pili.

Sifa nazipata, tena kupita kiasi. Nikipita na mtoto mkononi na mkoba begani, watu wanasimama: "Mashallah, baba huyu!" Mama wa viazi sijasikia akisifiwa hivyo hata siku moja. Yeye huulizwa baba wa watoto yuko wapi, kana kwamba ni yeye aliyemficha. Mwanamume akimsuka binti yake nywele ni habari ya mtaa mzima. Mwanamke akifua, akauza, kisha akampeleka mgonjwa wa jirani hospitali, hakuna anayegeuza shingo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Naitaja kwa kuwa wengi wanaolea peke yao mtaani kwangu hawakufiwa. Wameachiwa.

Wasomaji wengine bila shaka watamtaja Profesa Wangari Maathai, na wana haki. Alianzisha Green Belt Movement, harakati ya akina mama ya kupanda miti, mwaka 1977. Miaka miwili baadaye ndoa yake ikavunjwa mahakamani, naye ana watoto watatu. Kwa kusema hadharani alivyomwona hakimu, akatiwa ndani kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi ya chuo kikuu ili awanie ubunge, akazuiwa kuwania, na kazi hakurudishiwa. Haya yote yanajulikana, pamoja na Nobeli ya 2004. Lisilosemwa sana ni kwamba kuna kipindi ilibidi watoto wakae kwa baba yao ili yeye aweze kufanya kazi. Wanaompenda huliruka hilo kama doa. Mimi ndilo linalonipa moyo, kuliko hata hiyo Nobeli. Tena wale akina mama wa vijijini waliootesha miche walilipwa, kidogo lakini walilipwa, kwa kila mche ulioshika. Hakuwaambia wapande kwa mapenzi ya nchi peke yake.

Na hapo pa malipo ndipo ninapotaka kupigia kelele. Nilipoanza, ujira wetu ulikuwa asante na fulana. Sasa ipo posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Naishukuru. Lakini siku ninayopita nyumba kwa nyumba cherehani imelala, na mtoto ameshikwa na mtu ambaye hayumo katika orodha yoyote. Mkono mmoja haulei mwana, wazee walishasema. Mimi naongeza tu kwamba mkono wa pili nao unakula.

Tazameni mafunzo yetu yanavyopangwa. Chakula cha mchana kipo, nauli ipo, daftari na kalamu vipo. Mahali pa mtoto hapana. Mikutano nayo ilikuwa ikiitishwa baada ya magharibi, saa ile ile ya kuogesha na kulisha. Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, hodari kuliko sisi sote kwa kuzungumza na wasichana waliopata mimba shuleni, aliondoka kwa ajili ya saa hiyo tu. Hakufukuzwa. Alikosa wa kumshikia.

Baada ya yeye kuondoka tuliamka. Mkutano tumeuhamishia saa nne asubuhi. Kila posho inapoingia tunatoa kidogo kidogo, kama chama, na siku ya mafunzo tunamlipa mama mmoja mtu mzima anayekaa na watoto wetu wote katika chumba cha madrasa, pamoja na uji na mkeka. Mama wa mapacha amekuja mara mbili tatu, bado anatupima. Kama gazeti lenu linasomwa na wanaopanga bajeti za miradi ya afya, waandike humo mstari mmoja wa mlezi wa watoto, chini ya ule wa chai na vitafunio.

Jirani yangu ndiye niliyemtaka kwa kazi ile ya kulipwa. Alikataa, akasema halipwi kwa kukaa na mwanawe. Akakubali kitu kingine: sare za Januari za watoto wake wote nizishone bure, na buibui lake nilibadilishe lasi kabla ya Idi. Tumepatana hivyo, na kama mafundi wote, nimeshachelewa.