Kabla ya kuhesabu ghorofa, ulizeni habari za shimo

Mleta mada, umesema kiwanja cha ghala la zamani nyuma ya nyumba yenu kimeuzwa, na pale linakuja jengo la ghorofa 24, katikati ya mtaa ambao nyumba zake nyingi hazizidi ghorofa tatu. Unauliza mpinge au mkubali. Nimesoma waliotangulia kukujibu: wengine wanasema mji lazima ukue, wengine wanasema urithi ukipotea haurudi. Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinatazama juu. Mimi nimefanya kazi miaka 14 ya kupima nyumba za zamani zinazopakana na maeneo ya ujenzi, nyumba za mawe na chokaa kama zenu. Kwa niliyoyaona, mtaa wa kale hauanzi kufa siku ghorofa ya 24 inapomwagwa zege. Unaanza kufa siku shimo linapochimbwa.

Kwa wasioijua kazi hii: kabla mkandarasi hajaanza kuchimba, mtu anapita nyumba kwa nyumba na kamera, tochi na kipima nyufa. Kila ufa, kila plasta iliyobanduka, kila dirisha linalokwama linapigwa picha na kuandikwa. Penye ufa wa kutilia shaka tunabandika vipande viwili vya plastiki angavu vyenye mistari, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule. Nyumba ikisogea, mistari inaachana na unasoma kwa milimita. Mafundi walionifundisha walitumia kipande chembamba cha kioo, wanakibana kwa plasta ncha zote mbili. Kioo kikikatika, nyumba imetembea.

Kuna mtaa mmoja nilioupima ambapo zilichimbwa ghorofa tatu za chini ya ardhi, kina cha mita kama 11, hatua chache tu kutoka kwenye nyumba zenye umri wa zaidi ya miaka mia. Pampu za maji zilinguruma usiku na mchana. Wiki ya tano mama mmoja mtu mzima alinisimamisha mlangoni kwake. Akaniambia, "Mwanangu, huu mlango nimeolewa nikaukuta, haujawahi kunisumbua. Sasa unakwangua sakafu." Aliuvuta, nikaona mkwaruzo mpya mweupe sakafuni, wenye umbo la robo duara. Juu ya fremu kulikuwa na ufa ambao kwenye daftari langu niliuandika kuwa mwembamba kama unywele. Yeye alikuwa ameufuatilia kwa penseli: kila Ijumaa alichora kistari pale ulipoishia na kuandika tarehe pembeni. Vistari vitano, vinapanda kuelekea darini. Kipimo changu siku ile kilisoma milimita 4.

Milimita 4 zinaonekana kitu kidogo. Katika vipimo vyetu, ufa usiozidi milimita 1 unazibwa wakati wa kupaka rangi. Mpaka milimita 5 milango huanza kukaza, lakini nyumba bado inatengenezeka bila tabu. Kati ya 5 na 15 mabomba yanaweza kukatika na lazima mwashi aingie kazini. Ukivuka 15, sehemu za ukuta zinabomolewa na kujengwa upya. Yule mama alikuwa ukingoni kabisa mwa daraja la pili. Tuliandika ripoti, pampu zikapunguzwa, na kuta za shimo zikaongezewa mihimili. Nyumba yake ilikuja kutengenezwa kwa gharama ya mjenzi, kwa sababu picha za kabla ya uchimbaji zilikuwepo na vistari vyake vilikuwa na tarehe.

Nyumba tatu mbele yake aliishi mzee ambaye nyufa zake zilikuwa zilezile. Nyumba yake ilikuwa nje ya mstari uliochorwa kwenye ramani ya ukaguzi, kwa hiyo hakuna aliyempigia picha. Alipolalamika aliletewa barua kwamba nyufa zile ni za uzee wa nyumba. Hakuwa na cha kujibu. Mvua mbili baadaye aliuza kwa bei ya kiwanja, na nyumba ikavunjwa. Ramani ile niliishika kwa mikono yangu na sikuuliza kwa nini mstari umeishia pale. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike jibu refu namna hii.

Hivyo ndivyo mtaa unavyoondoka. Jengo la kwanza linatikisa nyumba za jirani, nyumba zilizotikisika zinashuka bei, wenyewe wanachoka na kuuza, na mwekezaji wa pili anapata kiwanja kilichojengewa hoja tayari: "nyumba zenyewe zilishakuwa mbovu." Baada ya miaka kumi watu wanasema mji umekua. Ukifuatilia mafaili unakuta mlolongo wa nyufa ambazo hakuna aliyezilipia.

Sababu zake ziko wazi ukizijua. Nyumba za zamani mara nyingi msingi wake ni mawe yaliyopangwa kwenye mfereji usio na kina kirefu, hakuna chuma, na kinachoshikanisha ni chokaa. Chokaa ni laini, kinavumilia nyumba inapokaa taratibu kwa miaka mingi. Kisichoweza kuvumilia ni upande mmoja wa nyumba kushuka ndani ya mwezi mmoja huku upande wa pili umesimama. Ukichimba shimo refu karibu, udongo unataka kuelekea kwenye uwazi. Ukuta wa kuzuia ukipinda sentimita chache tu, ardhi ya nyuma yake inafuata. Na ukivuta maji ya ardhini ili wafanyakazi wakae pakavu, udongo wa mfinyanzi unanywea, na mchanga mwembamba unaweza kutoka pamoja na maji bila mtu kuona.

Mfano unaojulikana sana ni wa Boston, Marekani. Kanisa la Trinity lilikamilika mwaka 1877, limesimama juu ya nguzo za mbao zipatazo 4,500 zilizopigiliwa kwenye ardhi ya kujaziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jirani yake lilianza kuchimbwa shimo la mnara wa John Hancock, ghorofa 60, mita 241. Kuta za muda za kuzuia udongo zilipinda, ardhi ikasogea, na kanisa likapasuka. Kesi ilifika mahakama ya juu ya jimbo, ambayo mwaka 1987 iliamua kwa faida ya kanisa. Watu wengi wanaukumbuka mnara ule kwa vioo vilivyokuwa vikidondoka. Sisi wa vipimo tunaukumbuka kwa shimo. Zingatieni pia hizo nguzo za mbao: zikiwa ndani ya maji hudumu, maji yakishuka vichwa vyake vikapata hewa, vinaoza. Kama nyumba zenu ziko karibu na bahari au mto, ulizeni zimesimama juu ya nini.

Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2008 shimo lilikuwa la stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Ukuta wa shimo ulivuja, na nyumba za karne ya 17 zilizokuwa kando zikashuka zaidi ya sentimita 10. Wale wana wahandisi hodari na vifaa vya kila namna. Kwa hiyo mtu akikuambia "tuna teknolojia ya kisasa, msiwe na wasiwasi", mwombe matokeo ya vipimo vya udongo.

Mtikisiko nao una viwango. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, kwa mitikisiko inayojirudia mara chache kwa sekunde kinaruhusu msingi wa jengo la biashara utikisike kwa kasi isiyozidi milimita 20 kwa sekunde, nyumba ya kawaida ya kuishi milimita 5, na majengo dhaifu ya kihistoria milimita 3. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itapigilia nguzo za msingi ardhini kwa nyundo au itatoboa kwanza na kumwaga zege. Kutoboa ni ghali zaidi. Msipouliza, itakuja nyundo.

Sasa turudi kwenye urefu, maana sitaki nieleweke kwamba urefu hauna maana. Paris walijenga mnara wa Montparnasse, mita 210, ukafunguliwa mwaka 1973. Haukupita muda, mwaka 1977, mji ukaweka ukomo wa mita 37 na minara ikaelekezwa La Défense, nje ya mji. London tangu miaka ya 1930 wanalinda mwonekano wa kanisa kuu la St Paul's. Jengo la Leadenhall, lenye mita 225, lilijengwa upande wake mmoja ukiwa umeinama ili mtu aliyeko mtaa wa Fleet asilione limebanana na kuba la kanisa. Liverpool iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004 na ikafutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya ufukweni. Miji inaweza kuchagua. Sikubaliani na wanaosema hakuna namna.

Na kuna njia ambayo sijaona mtu ameitaja hapa. New York ilipopoteza stesheni ya Penn, iliyoanza kubomolewa mwaka 1963, ilitunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Wenye stesheni ya Grand Central walipotaka kujenga ghorofa 55 juu yake, mji ukakataa, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaunga mkono mji. Lakini wenye jengo hawakuachwa mikono mitupu. Ile haki ya kujenga juu ambayo hawakuitumia waliweza kuihamishia kwenye viwanja vingine vya jirani. Kwenye mtaa wa kale jambo hili ni kubwa, kwa sababu mwenye nyumba anayeambiwa "usiguse, huu ni urithi" halafu hapewi hata senti, ataiacha inyeshewe mpaka ianguke yenyewe. Nimeona paa zikiondolewa mabati mawili kwa makusudi. Kama halmashauri yenu inapanga upya mji, sukumeni jambo hili liingie.

Vitu viwili vingine nitavipitia haraka. Kivuli: ukuta wa chokaa unaoshinda kivulini haukauki vizuri. Mwenyewe anaona unyevu, anapiga plasta ya saruji, saruji inafungia maji ndani, na jiwe linaanza kumumunyuka. Upepo nao: jengo refu hukamata upepo wa juu na kuushusha barabarani. Leeds, Uingereza, mwaka 2011 mtu alikufa baada ya upepo kupindua lori karibu na jengo la ghorofa 32. Ulizeni kama wamepima.

Kuhusu ile ahadi ambayo wajenzi hupenda kuitoa, "tutabakiza uso wa mbele wa ghala", mimi siipendi. Ukuta mmoja ulioegemezwa kwenye vyuma, nyuma yake zege tupu, haumpi mpita njia chochote zaidi ya picha. Ningefurahi zaidi wakikubali ghorofa ya chini iwe na milango mingi midogo inayofunguka barabarani, upana uleule wa nyumba zenu. Nimefanya kazi kwenye mtaa ambao jengo jipya lilileta geti la magari na mita 60 za ukuta mtupu. Kulipoingia giza, watu waliacha kupita upande ule. Fundi viatu aliyekuwa pembeni alihama kabla jengo halijamalizika.

Kwa hiyo swali lako la kupinga au kukubali mimi ningelichelewesha. Kwanza nendeni kwa pamoja, sio mmoja mmoja, mkaombe kwa maandishi ripoti ya vipimo vya udongo, kina cha shimo, namna maji yatakavyovutwa na namna nguzo zitakavyowekwa. Ombeni ramani ya nyumba zitakazokaguliwa, na hapo msione haya kuulizia mstari umeishia wapi na kwa nini. Kwa shimo la mita 11 mimi sasa ningedai nyumba zote zilizo ndani ya angalau mita 33, mara tatu ya kina, na zaidi kama maji yatavutwa. Dai mkaguzi alipwe na mjenzi lakini achaguliwe kwa makubaliano yenu, na nakala ya picha ibaki mikononi mwa kila mwenye nyumba. Wekeni pia kiwango kilichoandikwa ambacho kikifikiwa kazi inasimama siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao. Kama wakikataa hayo yote, mmeshapata jibu la swali lako, na mna hoja ya kupeleka kwa mamlaka ya mipango miji yenye nguvu kuliko "linaharibu mandhari".

Na kama watakubali yote, jengo linaweza kuwa jirani mwema. Nimewahi kupima moja la namna hiyo, walipunguza ghorofa moja ya chini ya ardhi, wakatoboa badala ya kupigilia, na ufa mkubwa kuliko yote niliouandika ulikuwa chini ya milimita 1. Mtaa ule bado una watu wake.

Usisubiri barua, mkuu. Leo kabla giza halijaingia piga picha kuta zako zote, ndani na nje, uweke rula kando ya kila ufa ili kipimo kionekane. Fungua na ufunge kila mlango, uandike upi unakaza na upi haukazi. Halafu mpelekee habari hii jirani yako wa nyumba ya tatu naye afanye hivyohivyo.